Adabu ya Pwani kwa Wanafunzi

Mwanafunzi wa Mbingu, bondeni Kilombero, ijapokuwa bahari iko mbali naye, hana budi kuijua, maana maji ya mto Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji humwagika baharini mkabala wa Mafia. Kisiwani Chumbe, Unguja, ambako matumbawe yalihifadhiwa kisheria mwaka 1994, wanafunzi hupelekwa kuyatazama, wakifunzwa wasiyakanyage wala kuyashika, kwani tumbawe, ingawa lafanana na jiwe, ni maskani ya viumbe hai wakuao taratibu mno. Jiwe lililopinduliwa lirejeshwe lilivyokuwa, kombe tupu nalo (hili ndilo gumu kwa mtoto!) liachwe, huenda kaa akalihitaji kuwa nyumba. Walimu wa Kilombero, waanzishieni watoto adabu hiyo mtoni.