Mwana Hiti: Mtoto wa Mti Aliyemlea Mwali

Kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, na kabla viwanja havijapimwa, Kigamboni ilikuwa vijiji vya pwani, na Wazaramo ni miongoni mwa wenyeji wake wa tangu zamani. Katika jamii yao, binti hakukua bila mwana hiti, kinyago kidogo kinachoenea kiganjani.

Kiwiliwili chake ni cha mviringo kama mchi, hakina mikono wala miguu. Kina matiti madogo, na nywele kichwani zimegawanywa mafungu mawili. Fundi hakuchonga sura ya mtu fulani. Alichonga alama ya uzazi na ukoo.

Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi, hata miaka. Humo alikabidhiwa mwana hiti awe mtoto wake. Alimwogesha, akampaka mafuta na kumtengeneza nywele, huku akifundwa malezi, unyumba na miiko. Mwali aliyempuuza mtoto huyo alihofiwa kukosa uzazi. Siku ya kutolewa nje ngoma zililia, naye akachezwa mbele ya watu.

Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ndiyo maana kinyago hicho kilimuunganisha mwali na bibi waliomtangulia na watoto aliotarajiwa kuwazaa. Umbo lilelile lilichongwa kwenye fimbo za wazee, vigoda, zeze na nguzo za makaburi. Wakwere, Wadoe na Waluguru nao wanalo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi Bunju miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya mila hizi katika kitabu chake cha mwaka 1970.

Mbali sana, jimboni Arizona nchini Marekani, Wahopi huchonga vinyago vya katsina kwa mizizi ya mti uotao kando ya maji. Wachezaji wa ngoma takatifu huwapa wasichana vinyago hivyo ili wawajue roho waletao mvua. Huko nako, kinyago si mwanasesere wa kuchezea.

Leo shule imefupisha siku za kuwekwa ndani, na mwana hiti wengi wamo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mara nyingi bila jina la kijiji wala la mchongaji. Familia iliyobaki na mwana hiti wake isikimbilie kumuuza. Iwaulize bibi sasa: alichongwa na nani, wapi, akamlea mwali yupi, kisha iyaandike majibu.