PIMA MAJI KABLA YA KUNUNUA VINYUNYIZIO

Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa huu nieleze jambo nililojifunza kwa jasho langu likizo ya Agosti. Ni habari za kuweka vinyunyizio vya maji, vile ambavyo mafundi huviita springla, katika uwanja wa nyasi wa nyumbani. Najua kuna atakayesema, "Kwetu hata nyasi za mbuzi ni shida, ya springla yanatuhusu nini?" Tulia, ndugu yangu. Kwetu pia hakuna uwanja wa nyasi. Lakini hesabu iliyotushinda huko ni ileile tuliyofundishwa Kidato cha Kwanza, na kuisahau kumenipunguzia chakula cha mchana muhula huu.

Mjomba wangu ni fundi wa mabomba. Alipata kazi Kitengela kwa mama mmoja mwenye uwanja wa nyasi wa mita 14 kwa mita 7 mbele ya nyumba. Kitengela ni kukavu, na jua likiwaka wiki mbili tatu nyasi hugeuka rangi ya kahawia. Mjomba aliupima uwanja kwa hatua, akalitazama tangi la maji lililo juu ya jukwaa la mita 4, akataja bei papo hapo: shilingi 32,000, vifaa na kazi pamoja. Mama akakubali. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, njoo unisaidie. Pesa zako za chakula za muhula wa tatu ziko hapa." Sisi wa shule ya kutwa twaelewa maneno hayo. Masomo serikali hutulipia, lakini sufuria ya githeri haichemki bila mzazi. Zangu zilikuwa shilingi 6,000.

Vifaa tulivyonunua na gharama nyingine zilikuwa hivi:

Vichwa vya springla 6, kila kimoja 1,200: sh. 7,200
Paipu nyeusi ya inchi moja, mita 60 kwa 75: sh. 4,500
Viungo, elbo, tii na tepu: sh. 3,100
Chujio la kuzuia mchanga: sh. 1,200
Usafiri: sh. 1,000
Vibarua wawili, siku mbili, 800 kwa siku: sh. 3,200
Jumla: sh. 20,200

Ukitoa hizo kwa 32,000, mjomba angebaki na 11,800. Mimi nilishaanza kuhesabu 6,000 zangu kichwani.

Kazi yenyewe si ngumu ukielekezwa. Kwanza unachora uwanja kwenye karatasi. Vichwa hupangwa ili maji ya kimoja yafike pale kilipo chenzake. Ukiviachanisha zaidi, katikati hubaki pakavu. Vyetu vilirusha maji mita 7, kwa hiyo tuliweka vitatu upande huu na vitatu upande ule, kila kimoja mita 7 kutoka kwa mwenzake. Vya pembeni vilipangwa vigeuke robo duara, vya katikati nusu duara, ili maji yasimwagike ukutani na njiani. Kisha tukachimba mtaro wa kina cha sentimita 25. Nyasi za juu hukatwa kama mkeka na kuwekwa kando, ndipo zirudishwe baadaye. Paipu ikishalazwa, husafishwa kwa maji kabla ya kufunga vichwa, maana punje moja ya mchanga yatosha kuziba tundu.

Siku ya nne jioni mjomba alifungua maji. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama barazani na watoto wake wakingoja mvua. Lo! Vichwa havikunyanyuka hata kidogo. Maji yalichuruzika pale chini kama mtoto anayetokwa na udenda. Mmoja wa watoto akacheka. Mjomba hakusema neno. Alifunga maji, akafungua tena, kana kwamba mara ya pili yangeona aibu yapande.

"Labda maji ni machache," nikasema. Tukachukua ndoo ya lita 20, tukaiweka chini ya paipu ya tangi. Ilijaa kwa sekunde 30. Hizo ni lita 40 kwa dakika, si haba! Kumbe wingi wa maji si nguvu ya maji. Ndipo nilipokumbuka somo la Fizikia. Presha ya maji hutokana na kimo chake: zidisha kimo kwa uzito wa ujazo wa maji, kisha kwa mvutano wa dunia. Mita 4 mara 1,000 mara 10 ni Paskali 40,000. Baa moja ni Paskali 100,000, kwa hiyo tangi lile lilitoa baa 0.4 tu. Tukasoma kijikaratasi kilichokuja na vichwa, ambacho hakuna aliyekuwa amekisoma: baa 2, lita 10 kwa dakika kila kichwa. Baa 2 zinataka tangi lililo juu mita 20, yaani kama ghorofa ya sita! Majuto ni mjukuu.

Dawa ilikuwa pampu. Mwenye duka alitueleza kwamba kuendesha vichwa vyote sita kwa pamoja, lita 60 kwa dakika, kungetaka pampu kubwa ya shilingi 19,000 na paipu nene zaidi. Hapo mjomba akaonyesha ufundi wake. Alisema tugawe uwanja mara mbili na kuweka koki kila upande. Upande mmoja ukinyunyiziwa, mwingine unangoja. Vichwa vitatu vinataka lita 30 tu kwa dakika, na pampu ya nguvu ya farasi moja ikatosha. Pampu 11,500, koki mbili 1,300, waya na swichi 2,400. Jumla 15,200 ambazo hazikuwa kwenye bei.

Mama alisema, "Fundi, tulipatana 32,000." Alikuwa na haki. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kulipa nusu, 7,600, kwa kuwa pampu ingebaki kwake. Nusu nyingine ikatoka mfukoni mwa mjomba. Alibaki na 4,200 kwa kazi ya siku sita. Alinipa 3,000 mkononi, akaweka 1,200. Nilitaka kumrudishia, akakataa akisema, "Wewe ndiwe uliyepiga hesabu." Vichwa vilinyanyuka siku hiyo na watoto wakakimbia katikati ya maji. Mimi nimelipa nusu ya pesa za chakula, na nusu bado ninadaiwa.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti ya fundi. Wakati wa kiangazi nyasi huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 98 basi hunywa lita 2,450 kila wiki, kama mitungi 122 ya lita 20. Kule kwetu mtungi huuzwa shilingi 10. Hizo ni 1,220 kwa wiki, za nyasi peke yake! Ndiyo maana tulimshauri mama afungue kila upande dakika 20, mara mbili kwa wiki, alfajiri kabla ya jua na upepo, ili maji yasipotelee hewani.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, akija fundi kwenu, au ukiwa fundi wewe mwenyewe siku moja, bei isitajwe kabla ya mambo matatu. Jaza ndoo ukitazama saa, ujue wingi. Pima kimo cha tangi kwa futi kamba, ujue nguvu. Kila mita 10 ni baa moja. Kisha soma karatasi ya kifaa. Kama nguvu ni ndogo na pampu huwezi, tumia mipira ya matone. Hiyo huridhika hata na ndoo iliyoinuliwa mita moja, na sukuma wiki zitamea.

Siku hizi mjomba haendi kazini bila ndoo. Watu humcheka njiani, lakini yeye hajali.

Nawatakia mtihani mwema. Kwaherini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu