Dawa Saidizi katika Kutuliza Maumivu Baada ya Upasuaji

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, awe Magunga mjini Korogwe au katika hospitali ya wilaya Handeni, hukabiliwa na kazi tatu pindi ganzi inapoisha: kunyonyesha, kukohoa na kuinuka kitandani. Kila moja huvuta mshono. Akishindwa kukohoa, makohozi hutuama kifuani na nimonia hupata njia. Akilala bila kutembea, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Maumivu makali, basi, si jambo la kuvumiliwa tu, bali ni hatari inayostahili tiba.

Hata hivyo, wapo wagonjwa wanaonyamaza wakidhani kulalamika ni udhaifu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa sababu hiyo muuguzi humtaka mgonjwa mwenyewe ayapime maumivu yake, kuanzia 0, yaani hayapo, hadi 10, yaani makali kupita yote.

Msingi wa tiba ni parasetamoli, itolewayo kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yapande. Mtu mzima mwenye uzito wa kutosha na ini zima hupewa gramu 1 kila baada ya saa 6, wala asizidishe gramu 4 kwa siku. Huongezewa diklofenaki au ibuprofeni, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au anayevuja damu. Maumivu yakizidi, hutolewa dawa za jamii ya afyuni kama mofini. Hizi zina nguvu, lakini huleta kichefuchefu, hufunga choo na, zikizidi, hudhoofisha upumuaji.

Hapo ndipo zinapoingia dawa saidizi, ambazo nyingi zilibuniwa kwa kazi nyingine. Zikiunganishwa na dawa za msingi, huweza kupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika. Ketamini, dawa ya nusukaputi iliyotengenezwa mwaka 1962, ikitolewa kwa dozi ndogo huzuia uti wa mgongo na ubongo visiyakuze maumivu. Huweza kuleta njozi, hivyo mgonjwa huangaliwa kwa karibu. Deksamethasoni, kwa dozi moja wakati wa upasuaji, hupunguza uvimbe na kutapika, ingawa huweza kupandisha sukari mwilini. Gabapentini nayo hutolewa kwa tahadhari, kwani huleta usingizi na, ikichanganyika na mofini, huweza kuhatarisha upumuaji, hasa kwa wazee. Pamoja na hizo, ganzi ya bupivakaini ikichomwa kandokando ya jeraha huzima taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo.

Ketamini, deksamethasoni na bupivakaini ni dawa za siku nyingi, zilizomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Penye mtaalamu na uangalizi, huweza kutumika wilayani bila kumsafirisha mgonjwa hadi Bombo jijini Tanga.

Ndugu anayeuguza asimletee mgonjwa vidonge vya dukani kwa siri, kwa kuwa vingi vina parasetamoli au diklofenaki ndani yake, na dozi huongezeka maradufu. Amwite muuguzi mara moja mgonjwa akipumua polepole au akilala asiamshike. Tena, maumivu yaliyokwisha kupungua yakirudi pamoja na homa, usaha au tumbo kujaa, hayo ni ya kuchunguzwa chanzo chake, si ya kunyamazishwa kwa dawa.