Watu Wanne, Kofia Nyingi, na Koti la Mke wa Mkulima

Mama mwenzangu, umewahi kuwatazama watoto wakicheza uani huku wewe unachambua mchele? Wamepanga viti vinne, tayari ni basi. Mmoja amevaa kofia ya baba yake, amekuwa kondakta. Baada ya dakika moja amejifunga khanga yako, sasa ni bibi anayekwenda kliniki. Hakuna anayeuliza basi liko wapi. Wote wanaliona.

Jijini London, kuanzia mwaka 2006 hadi 2015, watu walilipa kiingilio katika ukumbi wa Criterion ili kuwatazama watu wazima wanne wakifanya jambo kama hilo. Mchezo wao unaitwa "The 39 Steps", yaani Ngazi 39. Mwaka 2007 ulipewa tuzo ya Olivier kwa kuwa mchezo mpya bora wa kuchekesha. Mwaka 2008 ulifika Broadway, New York, ukapata tuzo mbili za Tony, moja ya taa na nyingine ya sauti.

Hadithi ilianzia kitandani

Aliyeitunga hadithi hiyo ni John Buchan, mtoto wa mchungaji wa Scotland. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, alikuwa amelala kitandani kwa vidonda vya tumbo. Ili kupitisha siku akaandika kisa cha Richard Hannay, mtu aliyetoka Rhodesia, ambaye anasingiziwa mauaji na kufukuzwa na polisi na majasusi kwa wakati mmoja. Kitabu kilitoka mwaka 1915. Kina mbio na hatari tele, lakini wanawake ndani yake karibu hawapo.

Mwaka 1935 Alfred Hitchcock alikitengeneza filamu, naye akawaingiza wanawake watatu. Wa kwanza ni jasusi anayeuawa nyumbani kwa Hannay. Wa pili ni mke wa mkulima. Wa tatu ni Pamela, anayefungwa pingu pamoja na Hannay. Mchezo wa jukwaani unaifuata filamu hiyo zaidi kuliko kitabu.

Wazo la kuuigiza kwa watu wanne lilitoka kwa Simon Corble na Nobby Dimon katikati ya miaka ya 1990. Kikundi chao kilikuwa kidogo, kikizunguka kwenye kumbi za vijiji kaskazini mwa Uingereza. Baadaye Patrick Barlow aliuandika upya, ukaonyeshwa Leeds mwaka 2005, halafu London.

Mwanamume mmoja ni Hannay mwanzo hadi mwisho. Mwanamke mmoja anaigiza wale wanawake watatu. Wanaume wawili waliobaki ni watu wengine wote: polisi, wauza magazeti, wauza nguo za ndani za kike, wazee wa hoteli na wake zao. Anavua kofia, anavaa nyingine, mara nyingine anajibizana na yeye mwenyewe. Masanduku machache ya safari yakipangwa yanakuwa garimoshi, na waigizaji wakitikisa makoti yao, unauona upepo. Fremu tupu ni dirisha, na Hannay anapotoroka anapita humo. Watu wanacheka kwa sababu wanaona jinsi kila kitu kinavyofanyika, na bado wanaamini.

Mama aliyetoa koti

Lakini katikati ya vicheko pana jambo la kutuuma sisi akina mama. Hannay anaomba malazi kwa mkulima mmoja huko Scotland. Mkulima ni mtu wa dini, mkali, na mkewe ni msichana aliyeletwa shamba kutoka mjini. Katika filamu, binti huyu anamwuliza mgeni kama ni kweli wanawake wa London hupaka rangi kucha za miguu. Ni swali dogo, lakini utasikia upweke ndani yake. Mezani mume anaomba baraka ya chakula, huku jicho moja likimchunguza mkewe.

Usiku polisi wanapofika, mke anamwamsha mgeni na kumvika koti la mumewe ili asionekane gizani. Mbele ya safari Hannay anapigwa risasi kifuani, na risasi inakwama kwenye kitabu cha tenzi kilichokuwa mfukoni mwa koti lile. Mtu mzima amepona.

Na yule mama? Katika filamu mume anauliza koti lake liko wapi. Mke anakiri. Mume anamwendea, nasi tunasikia kilio chake. Baada ya hapo hatumwoni tena. Mwenye kitabu cha tenzi alikibeba mfukoni, lakini maneno yake hayakufika mkononi. Ndugu msomaji, wako wanawake wa namna hiyo katika mitaa yetu na katika madhehebu yetu. Tunawacheka kwa kanga walizojitanda hadi machoni, hatuulizi kinachofichwa. Mama aliyeokoa wengine naye anahitaji wa kumfungulia mlango usiku.

Pingu iliyofunguka

Tukio la pingu ni kinyume cha hilo. Hannay na Pamela wamefungwa pamoja, hawapendani wala hawaaminiani. Wanavuka ua pamoja, wanakaa kitandani pamoja, na Pamela anavua soksi zake ndefu huku mkono wa mwenzake ukivutwa kila anapoinama. Watu wanacheka hadi machozi.

Usiku, Hannay akiwa amelala, Pamela anachomoa mkono wake. Yuko huru kwenda. Lakini anawasikia maadui wakizungumza, anatambua kwamba mtu huyu alikuwa akisema kweli tangu mwanzo. Anarudi na kubaki, bila pingu. Ndoa nayo iko hivyo. Cheti na pete vinaweza kuwaweka watu wawili chumba kimoja. Kinachomfanya mtu abaki kwa moyo ni kumjua mwenzake kuwa ni mkweli.

Jaribuni nyumbani

Mchezo huu ulianza kwa watu wachache wasio na fedha za mapambo. Basi Jumamosi moja chagueni kisa mnachokijua nyote. Tafuteni kofia tatu, khanga mbili na sanduku. Baba apewe sehemu ya bibi mzee, mtoto mdogo awe polisi, nawe mama uwe jambazi. Wenye kikundi cha akina mama wanaweza kufanya hivyo pia, hata kwa kisa cha yule mke wa mkulima, kisha mkazungumza.

Nyumba ambayo baba anaweza kuvaa kitambaa cha kichwani na kuchekwa na wanawe bila kukasirika, ni nyumba ambayo mtoto hataogopa kusema ukweli.