KIPIMAJOTO CHA POMBE: TUCHAGUE KIPI?

Huku Mkunya, wengi tunaopika pombe ya mtama tunapima joto la uji kwa kidole. Lakini kidole cha mpishi kimezoea moto, kinadanganya. Uji wenye nyuzi 50 huua chachu. Pombe haichachi, mtama unapotea bure. Uji ukipoa hadi nyuzi 30 hivi, ndipo chachu inafanya kazi vizuri.

Basi tutumie kipimajoto. Lakini siyo kile cha homa! Hicho huishia nyuzi 42 tu. Kwenye uji wa moto kitapasuka. Kama kina zebaki, hiyo ni sumu. Pombe yote itupwe, mtu asiionje.

Tununue chenye namba 0 mpaka 100 au zaidi, na maji mekundu ndani.

Kwanza tukijaribu. Tuchemshe maji safi mpaka yatokote. Tukitie, kisiguse chini ya sufuria. Pwani kingeonyesha 100. Huku juu kwetu maji huchemka kwenye 98 hivi. Je, kinaonyesha 90 au 105? Hicho hakifai, tukirudishe dukani.

Mtama tumeulima kwa jasho. Tusiumwage kwa kukisia.