Saa za Alfajiri na Maandalizi ya Mahubiri

Miongoni mwa kazi alizokabidhiwa mchungaji wa usharika, ni chache zinazodai utulivu wa moyo na ubunifu kama maandalizi ya mahubiri. Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi inayoahirishwa kwa urahisi kuliko nyingine. Jumatatu kuna mazishi, Jumanne kikao cha jimbo, Jumatano shauri la mpaka wa kiwanja cha kanisa. Hatimaye Biblia hufunguliwa Jumamosi usiku na mtu aliyechoka. Anayelipa gharama ya desturi hiyo ni msharika, aliyetembea mwendo mrefu na huzuni yake, akarudi nyumbani na maneno aliyokwisha kuyasikia mwaka jana. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa nini kazi hii ipewe saa za kwanza za siku, na kwa mipaka gani.

Msingi wa Maandiko

Katika Isaya 50:4 Mtumishi wa Bwana anapewa ulimi wa kumtegemeza aliyechoka. Andiko laeleza pia jinsi ulimi huo unavyopatikana: kila asubuhi sikio lake huamshwa lipate kusikia kama wasikiavyo wanafunzi. Mhubiri, basi, ni mwanafunzi kabla ya kuwa mwalimu. Vivyo hivyo Marko 1:35-38 yasimulia kwamba Bwana Yesu aliondoka kukiwa bado giza akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Simoni na wenzake walipomfuata na habari kwamba watu wote wanamtafuta, alikwisha kujua aelekee wapi: katika vijiji vingine, ili ahubiri huko nako. Madai ya watu yalimkuta ameshasimama mbele ya Baba.

Ushuhuda wa Luther

Wako wanaodhani kwamba Luther alikuwa na nafasi tuliyonyimwa sisi. Barua yake kwa Johann Lang ya Oktoba 1516 yaonyesha vinginevyo. Alikuwa mhubiri wa watawa na wa kanisa la mjini, mwalimu wa chuo, msimamizi wa nyumba 11 za watawa, na hata mwangalizi wa bwawa la samaki huko Leitzkau. Alikiri kwamba ni mara chache alipata muda wa kutimiza sala zake za kila siku. Baadaye, katika mazungumzo ya mezani, alisimulia jinsi alivyozilimbikiza sala hizo kwa juma zima au zaidi, kisha akajifungia Jumamosi ili kuzilipa zote, hata akakosa usingizi na kuugua. Anayetunga mahubiri yake yote Jumamosi usiku atajitambua katika habari hiyo.

Luther wa miaka ya baadaye alifuata njia nyingine. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, mwenzake Veit Dietrich aliandika kwamba Luther hakosi kutoa walau saa 3 kila siku kwa maombi, tena zile saa zifaazo zaidi kwa masomo. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kitabu kidogo juu ya namna ya kuomba. Humo ashauri kwamba sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na aonya juu ya lile wazo lisemalo kwamba tungoje kidogo kwanza tumalize shughuli fulani. Shughuli moja huzaa nyingine, na sala haifanyiki.

Akili na Mwili

Maarifa ya elimu ya viumbe hayapingani na ushauri huo, ila yauwekea kiasi. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kueleza jinsi saa ya ndani ya mwili inavyoendeshwa. Saa hiyo haifanani kwa watu wote: wako waliochangamka alfajiri, na wako, hasa vijana, ambao akili yao hufunguka baadaye. Tena kila aamkaye hubaki na uzito wa usingizi kwa muda. Ndiyo maana inafaa kuanza kwa sala na kusoma kwa sauti kabla ya kuandika.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba alfajiri hakuna jambo lililokwisha kuuteka moyo. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu aachaye kazi moja bila kuimaliza hubaki na sehemu ya mawazo yake huko hata akianza nyingine. Mchungaji aliyesoma ujumbe wa simu kuhusu deni la usharika hulifungua andiko akiwa na deni hilo kichwani.

Mipaka Yake

Kuamka mapema si tendo la kutuhesabia haki. Zaburi 127:2 yatuonya kwamba ni bure kuondoka mapema na kuchelewa kulala kana kwamba riziki yatoka kwetu. Usingizi nao ni kipawa. Mchungaji aliyekesha kwa mgonjwa na alale. Mchungaji mama ambaye alfajiri yake ni ya maji, moto na watoto asitwikwe sheria hii. Ama nyumba nzima igawane kazi, ama achague saa nyingine iliyo tulivu. Na mtu anayebisha hodi kwa habari ya kifo afunguliwe mlango mara moja.

Utekelezaji

Twashauri saa moja, kuanzia kumi na moja hadi kumi na mbili, tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni iliyotangulia ziandaliwe Biblia, daftari na taa. Simu iachwe chumba kingine. Jumatatu na Jumanne andiko lisomwe kwa njia ya nyuzi nne alizomfundisha Luther yule kinyozi: funzo, shukrani, maungamo na ombi. Jumatano vitafutwe vitabu vya ufafanuzi, Alhamisi iandikwe rasimu, Ijumaa isahihishwe. Wazee wa usharika waelezwe mpango huu, nao watausaidia kuulinda.

Waswahili husema biashara ni asubuhi, jioni mahesabu. Kwa mpango huu Jumamosi inabaki kwa wagonjwa na kwa familia, na Jumapili msharika analetewa neno ambalo mchungaji wake ameishi nalo kwa siku tano.