Kazi Ipimwe kwa Kipimo Gani?



Sisi wachuma chai tunalipwa kwa kilo, na karani wa mzani tunamjua vizuri. Lakini hata wafanyakazi wa kompyuta hupimiwa kazi. Hao huandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, na huyaandika mstari kwa mstari.

Mwanzoni mwa mwaka 1982, huko Marekani, kampuni ya Apple ilikuwa ikitengeneza kompyuta iliyoitwa Lisa. Wakubwa wakatoa fomu: kila wiki kila fundi ajaze ameandika mistari mingapi. Kwao mistari mingi ndiyo kazi nyingi.

Fundi mmoja, Bill Atkinson, alikuwa ameandika upya sehemu ya programu ya kuchora. Ikawa inakwenda upesi karibu mara sita kuliko kwanza, tena imepungua mistari kama 2,000. Sasa ajaze nini? Akaandika 2,000 na alama ya kutoa mbele yake. Baada ya wiki chache wakaacha kumdai fomu.

Yeye alikuwa fundi mkubwa, kumpata mwingine ilikuwa vigumu. Sisi tukifanya hivyo tutaambiwa hatukufika kazini. Mchumaji anayechagua majani mawili na chipukizi hupata kilo chache kuliko anayekwangua kila kitu, ingawa chai yake ndiyo bora. Na anayesafisha mashine, au kumfundisha mgeni kazi, huyo mzani haumwoni kabisa.

Kabla ya mazungumzo ya mkataba, kila tawi liandike kazi za namna hiyo na muda zinaochukua.